Nafasi ya Kituo cha Malindi katika Kupimwa kwa Mlipuko wa Miale ya Gama wa Februari 28, 1997

Milipuko ya miale ya gama iligunduliwa kwa bahati. Setilaiti za Vela za Marekani, zilizorushwa kufuatilia utekelezaji wa mkataba wa mwaka 1963 wa kuzuia majaribio ya nyuklia, zilinasa miale ambayo haikutoka duniani wala kwenye jua. Klebesadel na wenzake walitangaza ugunduzi huo mwaka 1973. Kwa zaidi ya miongo miwili, swali la msingi lilibaki bila jibu: milipuko hiyo hutokea umbali gani? Mwaka 1995, mjini Washington, Donald Lamb alitetea chanzo kilicho pembezoni mwa galaksi yetu, naye Bohdan Paczyński akatetea umbali mkubwa nje yake. Hoja zilikuwapo, kilichokosekana ni kipimo.

Ni rahisi kuisimulia historia ya jibu hilo kama ushindi wa darubini kubwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kikwazo kikuu kilikuwa muda, na kwamba muda huo ulipunguzwa ardhini.

BeppoSAX, setilaiti ya Italia iliyoundwa kwa ushirikiano na Uholanzi, ilirushwa Aprili 30, 1996, katika obiti inayokaribia ikweta, kimo cha kilomita 600 hivi. Obiti hiyo ilipunguza chembe zinazochafua vipimo, lakini iliifanya setilaiti itegemee kituo kimoja tu: Malindi, pwani ya Kenya. Ilipita hapo mara moja katika kila mzunguko wa takribani saa moja na nusu, ikipatikana kwa dakika kumi hivi. Data zilishushwa hapo na kupelekwa Roma. Amri ya kuigeuza setilaiti nayo ilibidi ingoje ipite tena.

Kigunduzi cha milipuko kilikuwa, kwa kweli, nyongeza tu. Ngao zilizokinga kifaa kingine dhidi ya miale isiyotakiwa ndizo zilizotumiwa kuihesabu miale hiyohiyo. Mbili kati yake zilielekea upande mmoja na kamera pana za eksirei kutoka Uholanzi. Ngao zilionyesha mlipuko umetokea lini. Kamera zilionyesha wapi.

Mlipuko wa Julai 20, 1996, ulifuatiliwa baada ya siku 45, bila mafanikio. Ule wa Januari 11, 1997, ulifuatiliwa baada ya muda wa saa 16. Masalia yake hayakuthibitika. Februari 28, saa 11:58 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, ulitokea mlipuko wa sekunde 80 hivi katika kundinyota la Orioni. Mahali pake palibainishwa ndani ya dakika 3 za tao, sawa na sehemu moja ya kumi ya upana wa mwezi uonekanao angani. Muda wa saa 8 baadaye, darubini za eksirei za setilaiti hiyo zilikiona chanzo kisichojulikana. Baada ya siku tatu kilikuwa kimefifia takribani mara 20. Kundi la Jan van Paradijs, likitumia darubini ya William Herschel kisiwani La Palma, lilikuwa limepiga picha kabla ya muda wa saa 21 kupita. Picha za Machi 8 zilionyesha nukta moja imetoweka.

Umbali wenyewe ulipatikana kwa mlipuko wa Mei 8. Wigo wa nuru uliochukuliwa kwa darubini ya Keck ulionyesha mhamo mwekundu usiopungua 0.835, yaani mbali mno nje ya galaksi yetu. Safari hiyo, setilaiti ilikuwa imegeuzwa katika muda wa saa 6 hivi.