Lugha ya Kitaaluma Darasani

Lugha ya kitaaluma ni lugha ya kufafanua, kulinganisha, kutoa hoja na kuhitimisha. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtafiti wa elimu nchini Kanada, aliitofautisha na lugha ya mazungumzo ya kila siku. Watoto wa wahamiaji huweza kupiga soga na wenzao baada ya miaka 2 hivi, lakini huchukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia katika lugha ya masomo.

Taaluma, elimu na mwalimu ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, na asili ya taaluma ni kujifunza. Kwa kuwa leo neno hilo pia lina maana ya fani ya wataalamu, wengi hudhani lugha ya kitaaluma ni istilahi tu. Istilahi zina nafasi yake: sokoni uzito wa mchele ni kilo mbili, ilhali katika fizikia kilo hupima tungamo, na uzito ni kani inayopimwa kwa nyutoni. Lakini kukariri tungamo hakumfundishi mtoto kujenga hoja.

Chukua somo la uvukizi. Sahani mbili zimetiwa maji sawasawa, moja ikawekwa juani, nyingine kivulini. Mwanafunzi anasema, "Ya juani yameisha." Mwalimu asikimbilie kumsahihisha. Amuulize: "Ukilinganisha na ya kivulini, umeona nini? Unadhani ni kwa nini?" Ubaoni pawe na vianzio vya sentensi: "Nimeona kwamba…", "Nadhani… kwa sababu…", "Nakubaliana na mwenzangu, ila…". Wajadiliane kwanza wawili wawili, kisha mbele ya darasa. Hapo mtoto atafika mwenyewe: "Nadhani maji ya juani yamekauka upesi kwa sababu joto limeyageuza kuwa mvuke." Sasa neno uvukizi limepata pa kukaa.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwani katika shule nyingi za umma mwanafunzi husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari kwa Kiingereza. Cummins alieleza pia kwamba uwezo wa kitaaluma uliojengwa katika lugha moja husaidia katika nyingine. Aliyezoea kutetea hoja kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akitafuta maneno tu. Asiyezoea hutafuta maneno na hoja kwa pamoja. Tuwape watoto nafasi ya kusema sentensi nzima, kila somo.