Chumvi Juu ya Ngozi ya Mtoto Mchanga

Katika zama za kale, tangu Yerusalemu hata Rumi, mtoto alipozaliwa alisuguliwa chumvi, kwani wakunga waliitakidi kuwa ngozi yake laini ingekazika na kusalimika na vipele. Na desturi hiyo imetajwa hata katika kitabu cha nabii Ezekieli. Tabibu Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi Rumi katika karne ya 2, aliiruhusu kwa hadhari: chumvi isagwe sana, isiingie machoni wala kinywani, na kwa mtoto dhaifu ichanganywe na asali au mafuta ya zeituni. Hadhari hiyo ya busara haikutosha, maana ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na chumvi yaweza kupenya hata damuni ikamuua. Enyi wazazi, popote desturi hii ingalipo, iacheni.