Ramani ya Uvimbe wa Taya

Hadithi ya uvimbe huu inaanzia hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Dk. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Baadaye kidogo, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt aliona kupitia dirisha mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe humo pia.

Mwaka 1958 alichapisha makala akiuita sarkoma, yaani saratani inayoanzia kwenye mifupa, misuli, mafuta na tishu nyingine zinazoushikilia mwili. Wanapatholojia wa Kampala waliokagua seli kwa hadubini wakabaini kuwa ni limfoma, saratani ya chembe za kinga. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa mno: sarkoma ya mfupa kwa kawaida huhitaji kisu, ilhali limfoma hii husinyaa kwa dawa.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaishi wapi. Alituma picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni, na madaktari wa huko shamba wakamjibu. Nawaheshimu sana watu hao. Bila majibu yao ramani isingechoreka. Oktoba 1961, yeye, Ted Williams na Cliff Nelson wakapanda gari kuukuu aina ya Ford, wakateremka hadi Afrika Kusini, safari ya kilomita 16,000 hivi. Kila hospitali walionyesha picha na kuuliza: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii?

Kwenye joto na mvua nyingi, jibu lilikuwa ndiyo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hapana. Burkitt alidhani mbu wanabeba kirusi cha uvimbe. Lakini Unguja na Pemba, penye joto tele, ugonjwa haukuonekana. Huko malaria ilikuwa imepigwa vita vikali. Ndipo wataalamu wakaigeukia malaria yenyewe, inayoivuruga kinga ya mtoto. Kirusi kilikuwepo kweli, ila huenezwa kwa mate: Epstein, Achong na Barr walikiona London mwaka 1964, katika seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda.

Wakati huo Burkitt alikuwa ameshaanza kuwatibu watoto kwa dawa, na baadhi yao walipona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ajili ya watoto hao. Ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.