Nani Apimwe? Mpango Mkakati na Fundisho la Matokeo Makubwa Sasa

Februari 2013, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka uliotangulia yalipotangazwa nchini Tanzania, takriban watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata daraja sifuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, na baadaye matokeo yenyewe yakafutwa na kupangwa upya. Katika miezi hiyohiyo watumishi wa wizara, wataalamu wa sekta binafsi na wawakilishi wa asasi za kiraia walikuwa wakikutana kwa majuma kadhaa jijini Dar es Salaam, katika vikao vilivyoitwa maabara. Huko walitengeneza mpango ambao Serikali ya Rais Jakaya Kikwete iliupa jina la Matokeo Makubwa Sasa. Sekta zilizochaguliwa zilikuwa sita: kilimo, elimu, nishati, uchukuzi, maji na ukusanyaji wa mapato.

Ninalirejea jaribio hilo kwa sababu taasisi za umma zinaingia tena katika msimu wa kuandika mipango mkakati. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na kila wizara, wakala, chuo na halmashauri italazimika kuoanisha mpango wake na dira hiyo. Warsha zitaitishwa, washauri elekezi watapewa kazi, dhima na maadili ya msingi yataandikwa upya. Hofu yangu ni kwamba swali lililoiumiza Matokeo Makubwa Sasa kuliko jingine lolote litarukwa tena: kila lengo tunaloliandika, nani apimwe kwalo? Ninashikilia kwamba mpango mkakati huleta mabadiliko pale tu kipimo kinapomwangukia mtu mwenye fedha na mamlaka ya kubadilisha kinachopimwa. Kikimwangukia mwingine, atakachobadilisha ni takwimu.

Haki itendeke kwanza kwa waliobuni mpango ule, maana ulikuwa na mazuri ambayo mipango yetu mingi haina. Ulitoka Malaysia, ambako mwaka 2009 serikali ilianzisha kitengo cha PEMANDU na kumkabidhi Idris Jala, mtu aliyekuwa ameliongoza shirika la ndege la nchi hiyo katika kipindi kigumu cha hasara. Wazo lake la msingi lilikuwa kuwakutanisha wanaohusika na tatizo moja, wasitoke mpaka wawe wameandika nani atafanya nini, lini na kwa gharama gani. Kwetu pia vipaumbele vilikuwa vichache. Malengo yalitangazwa hadharani yakiwa na mwaka na asilimia, na ofisi maalumu chini ya Rais, ambayo wengi waliijua kwa herufi PDB, ilifuatilia utekelezaji. Aliyewahi kusoma mpango mkakati wenye malengo mkakati kumi na mawili na viashiria mia moja atakubali kwamba nidhamu ya namna hiyo ni nadra.

Katika elimu lengo lilikuwa kiwango cha ufaulu kifike asilimia 60 mwaka 2013, asilimia 70 mwaka 2014 na asilimia 80 mwaka 2015. Chombo kikuu cha kusukuma lengo hilo katika shule za msingi kilikuwa kuzipanga shule zote kwa matokeo ya darasa la saba, kitaifa na ndani ya wilaya, na kuzipa rangi: kijani kwa zilizofanya vizuri, njano kwa za katikati, nyekundu kwa za chini. Takwimu zilipanda. Ufaulu wa darasa la saba, uliokuwa karibu asilimia 31 mwaka 2012, ulifika karibu asilimia 51 mwaka 2013, asilimia 57 mwaka 2014 na karibu asilimia 68 mwaka 2015. Malengo hayakufikiwa, lakini kwa kuitazama chati peke yake mtu angesema mpango ulikuwa njiani kufaulu.

Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliitazama chati hiyo kwa karibu zaidi. Walilinganisha shule kwa kuzingatia nafasi zao ndani ya wilaya, kabla na baada ya mageuzi. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao, yaani katika asilimia 20 ya mwisho, zilipandisha matokeo kweli. Mwalimu mkuu aliyejua kwamba afisa elimu wa wilaya atamwita kujieleza alihangaika, na kuhangaika huko kulizaa kitu. Ila walikuta pia kwamba shule hizohizo zilipunguza wanafunzi waliofika darasa la mwisho. Watoto waliotarajiwa kushindwa waliwekwa pembeni ili wasiharibu wastani.

Ni rahisi kumlaani mwalimu mkuu huyo. Mimi ninaona afadhali tumwelewe, kwa sababu ndiye kielelezo cha kila mkuu wa idara atakayekabidhiwa viashiria vya mpango mpya. Katika shule yake hakuajiri mwalimu hata mmoja, wala hakuwa na uwezo wa kumhamisha aliyelegea. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, sera ilimwahidi ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ila kwa miaka mingi kiasi kilichofika shuleni kilikuwa pungufu, na hakikuwa na tarehe ya kuaminika. Kitabu, chaki, dawati, mwalimu wa hisabati: vyote viliamuliwa na watu wengine. Kilichobaki mkononi mwake ni orodha ya watahiniwa. Mpango ulimtaka abadilishe matokeo, naye akabadilisha kile alichoweza kukigusa.

Je, angepewa fedha tu bila shinikizo? Jibu linapatikana katika jaribio jingine la miaka hiyohiyo. Mwaka 2013 na 2014 asasi ya Twaweza iliendesha KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipelekewa ruzuku nzima ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. Katika kundi la pili walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu jaribio la stadi za msingi. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na shule zilizobaki hazikupata chochote ili ziwe za kulinganishia. Baada ya miaka miwili, fedha peke yake hazikuwa zimeinua alama za watoto. Bakshishi peke yake ilitoa matokeo ya kuyumba. Vilipoungana, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kilichozidi jumla ya viwili hivyo vikitazamwa kila kimoja peke yake. Sijui ushahidi mwingine kutoka Afrika Mashariki unaoonyesha kwa uwazi kama huu kwamba uwajibikaji na nyenzo havitenganishwi. Ni matokeo yanayostahili kusomwa katika kila kikao cha bajeti, hata cha bandari au cha mamlaka ya maji.

Yupo atakayesema bila shinikizo la juu hakuna kinachosogea katika utumishi wa umma, na kwamba shule za mkiani ziliinuka kwa sababu ya orodha ile ya rangi. Hoja hii ni nzito, na nusu yake ninaikubali. Orodha ilizindua watu waliokuwa wamelala. Ugomvi wangu ni kuhusu mahali shinikizo lilipoishia: lilishuka wizarani likapita mkoani, wilayani na kwenye kata mpaka kwa mwalimu mkuu, lakini halikupanda kwenda Hazina kuuliza ruzuku iko wapi.

Mfano wa shinikizo lililopanda tunao. Mwaka 2014 Benki ya Dunia, pamoja na Uingereza na Sweden, ilianza kuifadhili sekta ya elimu kwa utaratibu wa kulipa baada ya matokeo kuthibitishwa, na mojawapo ya vigezo vya malipo kilikuwa ruzuku kufika shuleni kwa kiasi na kwa wakati. Hapo aliyepimwa alikuwa mwenye ufunguo wa kasha. Mwishoni mwa 2015 ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 uliosimamia elimumsingi bila malipo, na fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule badala ya kupitia halmashauri. Sidai kwamba kigezo kile peke yake ndicho kilicholeta badiliko hilo, maana utashi wa kisiasa wa wakati ule ulikuwa mkubwa. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa malipo ulibadilika, na kwa sababu uliingia katika kazi za kawaida za Serikali, haukuhitaji ofisi maalumu ya kuulinda.

Ofisi maalumu zina maisha mafupi. Kitengo cha utekelezaji cha Waziri Mkuu wa Uingereza, alichokianzisha Tony Blair mwaka 2001 chini ya Michael Barber, kilivunjwa mwaka 2010 serikali ilipobadilika. PEMANDU haikudumu ndani ya serikali ya Malaysia hata muongo mmoja. PDB nayo haikuishi muda mrefu baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani Novemba 2015. Nchi tatu, vyama tofauti, hatima moja. Kitengo kinachopata nguvu kutoka kwa kiongozi mmoja huondoka naye, na wizara ambazo zilikuwa zikijibu simu za kitengo hurudia desturi zake. Mfumo wa alama za wastani, GPA, ulioletwa katika matokeo ya kidato cha nne miaka ileile, nao uliachwa na madaraja yakarudishwa.

Nadharia zinazofundishwa katika vyuo vyetu vya menejimenti hazikulificha jambo hili, ila tumezisoma kwa kuchagua. John Kotter, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1995, alianza na kujenga hisia ya udharura, na hiyo ndiyo hatua tunayoikariri. Mwaka 2013 udharura ulikuwapo tele. Hatua yake ya mwisho, ya kuotesha mabadiliko katika desturi za taasisi, ndiyo inayochosha na isiyo na sherehe, na ndiyo tunayoiruka. Henry Mintzberg, mwaka mmoja kabla yake, alikuwa ameonya kwamba kupanga hakuzai mkakati, kwa kuwa mkakati huchipuka pia kutoka kwa watu walio karibu na kazi. Mwalimu mkuu wa shule yenye rangi nyekundu alijua kwa nini watoto wake hawasomi. Maabara zilikuwa na nafasi ya kumsikiliza, lakini meza yao ilijaa watu wa ngazi za juu.

Ningependa basi maafisa mipango wanaoandaa mipango ya sasa wafanye kazi moja kabla ya warsha ya kupitisha rasimu. Wachukue jedwali la viashiria, na mbele ya kila kiashiria waandike cheo cha mtu mmoja atakayekijibia, si jina la idara wala maneno "wadau wote". Kisha wamwulize mtu huyo, uso kwa uso, mambo ambayo mpango hauyasemi: kasma ya bajeti inayolipia kazi hiyo ni ipi, na je, imo ndani ya ukomo uliotolewa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai? Anaruhusiwa kuamua nini bila kuomba kibali? Akibanwa, takwimu hii anaweza kuipandisha kwa njia gani ambayo haitamsaidia mwananchi yeyote? Swali la mwisho ni la thamani kubwa, kwa sababu jibu lake linaonyesha kiashiria cha pili kinachopaswa kutembea na cha kwanza. Laiti ufaulu wa darasa la saba ungetangazwa daima pamoja na idadi ya watoto walioanza darasa la kwanza miaka saba nyuma, kumweka mtoto pembeni kusingekuwa na faida.

Kazi hii itapunguza viashiria, na baadhi ya wakurugenzi hawatafurahi kuona malengo yanayopendeza yakitolewa. Itawafikisha pia mahali pagumu, pale itakapodhihirika kwamba anayepaswa kupimwa ni mkurugenzi mwenyewe, mhasibu mkuu au Hazina. Bodi zisikwepe hapo. Kiashiria ambacho mwenye kukijibia hana kasma wala mamlaka kirudishwe kwa aliyekipendekeza, naye alete fedha, akabidhi madaraka, au akubali kupimwa yeye.