Mnara Uliosimama Mbele ya Beit al-Ajaib

Ukikaa Forodhani, Unguja, jioni na bilauri yako ya maji ya miwa, bahari ukiipa mgongo, macho yanatua Beit al-Ajaib. Ninachokitafuta mimi hapo hakipo: mnara wa taa uliosimama baina ya jumba na maji. Jumba lenyewe Sultani Barghash bin Said alilijenga 1883. Mnara uliwaka safu kwa safu, hata mabaharia wa Kiingereza wakaubandika jina la mti wa Krismasi wa Sultani. Walidhihaki, labda. Ila nahodha anayeingia Unguja usiku wa kiza hana muda wa dhihaka.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga. Haikutimia hata saa moja: dakika 38 hivi, na watu wapatao 500 wa upande wa jumba walikuwa wamekufa au kujeruhiwa, Khalid mwenyewe kakimbilia ubalozi wa Ujerumani. Beit al-Hukm ya jirani ikabomoka. Glasgow, meli ya Sultani, ikazama papo hapo bandarini. Beit al-Ajaib iliponea chupuchupu. Mnara wa taa haukufaa tena.

Kwa miaka mingi baadaye aliyetoka baharini alipokewa na milingoti ya Glasgow ikichomoza majini. Mabaki yake hayakuondolewa mpaka 1912.

Sisi wa Nairobi hupenda kuhesabu historia tangu reli. Basi reli ilipofika kwenye vinamasi vyetu Mei 1899, taa ya Barghash ilikuwa na karibu miaka mitatu tangu izimike.

Jumba lilipokarabatiwa 1897, mnara wa nje haukurudishwa. Mnara mpya, wa saa, ulipachikwa usoni mwa jumba lenyewe, na huo ndio tulioujua wengi kwenye picha. Uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mchana wa Krismasi, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walifariki.

Kwa ajili ya vyombo vya baharini, Waingereza walijenga mnara mwingine wa taa 1904 huko Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji. Huo ungali umesimama, katikati ya msitu na matumbawe.