Malaria Inapopanda Kichwani: Kukandamiza Kinga Hakumwokoi Mtoto

Mzazi wa Pasiansi, Mwanza, anayekimbiza mtoto Hospitali ya Bugando akiwa na degedege atamwambia muuguzi kwamba malaria imempanda kichwani. Muuguzi atabonyeza kucha kwa penseli, atasugua mfupa wa kifua, atatazama kama macho yanafuata uso wa mama. Katika kipimo cha Blantyre chenye alama 0 hadi 5, alama 2 kushuka chini ni kupoteza fahamu. Ni nani amemlaza mtoto huyu: kimelea, au kinga yake mwenyewe?

Hakuna anayebisha kwamba seli nyekundu za damu zenye kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hunasa kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Ubishi uko kwenye inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga. Mwaka 1991 Ian Clark na wenzake walipendekeza kwamba kinga huzalisha nitriki oksaidi kupita kiasi, na gesi hiyo huvuruga ubongo. Ikiwa ni hivyo, tiba ni kuipunguza kinga makali.

Ushahidi wa Dar es Salaam unakataa. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake walichapisha vipimo vya gesi hiyo kwa watoto 191 wa Tanzania. Kwa hoja ya Clark, mahututi wangepaswa kuwa na nitriki oksaidi nyingi kuliko wote. Ikawa kinyume: ilikuwa juu kabisa kwa wenye vimelea wasioumwa, na chini kabisa kwa waliokufa kwa malaria ya ubongo, yaani ile iliyopanda kichwani. Lishe, figo na umri havikueleza tofauti hiyo. Mwaka 2003 ikabainika kwamba arginini, malighafi ya gesi hiyo, nayo hupungua katika damu ya watoto wa Tanzania wenye malaria ya ubongo. Iliyoshtakiwa kwa kuua ndiyo iliyokuwa ikilinda.

Majaribio ya tiba yanaunga mkono. Thailand, mwaka 1982, deksamethasoni, dawa ya kutuliza inflamesheni, ilirefusha muda wa kupoteza fahamu. Gambia, mwaka 1996, kingamwili dhidi ya TNF, protini ya kinga inayochochea inflamesheni, haikupunguza vifo, na waliopona walibaki na ulemavu zaidi wa neva.

Watatokea wa kutukumbusha Blantyre, Malawi, ambako mwaka 2015 picha za MRI zilionyesha ubongo uliovimba vibaya kwa watoto 21 kati ya 25 waliokufa. Lakini mishipa iliyoziba nayo huvimbisha ubongo. Uvimbe peke yake hauitii kinga hatiani. Ni kweli pia kwamba kuwavutisha watoto nitriki oksaidi nchini Uganda hakukuokoa maisha. Naona hapo somo la muda: mtoto akishazimia, tumechelewa kumrudishia gesi hiyo.

Kilichopunguza vifo ni kuua vimelea haraka. Katika utafiti wa 2010 uliohusisha watoto 5,425, wa Muheza na Korogwe wakiwemo, walikufa asilimia 8.5 ya waliotibiwa kwa dawa ya artesuneti dhidi ya 10.9 ya waliotibiwa kwa kwinini.

Na kupona si mwisho. Kampala, takriban mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria ya ubongo alikutwa na upungufu wa kufikiri miaka 2 baadaye. Mtoto wa Pasiansi aanzishiwe artesuneti saa ileile anapofikishwa, na mwalimu wake wa darasa la kwanza aambiwe kwamba aliwahi kuzimia kwa malaria.