Homa ya Papasi, Meno ya Wafu na Historia ya Mwambao wa Uvira

Mtafiti wa historia ya maradhi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika hukutana na neno moja kila afunguapo maandishi ya karne ya 19, nalo ni homa. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa Aprili 1858. Livingstone na Stanley wakaufikia mlango wa mto Ruzizi mwezi wa Novemba 1871. Wakati huo biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kuliunganisha ziwa na Unguja kwa njia ya Ujiji na Tabora. Wafanyabiashara na wapagazi waliugua homa, na wengi walizikwa njiani. Lakini neno hilo lilifunika maradhi mengi yasiyofanana, ambayo hati peke yake haziwezi kuyatenganisha. Makala haya yanaeleza jinsi elimu ya DNA ya kale inavyoweza kuyatenganisha, na kwa nini elimu hiyo inaihitaji lugha.

Mfano ufaao ni homa ya papasi, kwa kuwa uchunguzi wake wa kitaalamu ulifanyika katika nchi hizi hizi. Mwaka 1904 Ross na Milne walieleza bakteria waliojisokota kama uzi, ambao waliwaona kwa hadubini katika damu ya wagonjwa wa Uganda. Muda mfupi baadaye Dutton na Todd walithibitisha, mashariki mwa Kongo, kwamba papasi ndiye amwambukizaye mtu. Wote wawili waliugua; Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, na bakteria hao wakaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii. Naye Koch, akichunguza papasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kuwa bakteria hupita kutoka kwa papasi jike hadi kwenye mayai yake. Kwa hiyo nyumba yenyewe huweza kurithisha ugonjwa.

Hata hivyo, maarifa hayo hayakuanza na hadubini. Kiswahili hutenganisha kupe, ambaye hung'ang'ania mnyama kwa siku kadhaa, na papasi, ambaye hutoka usiku katika nyufa za sakafu na kuta, akanyonya damu na kurudi mafichoni. Huko Kongo, jina kimputu liliingia hata katika maandishi ya madaktari wa kikoloni. Wenyeji walikuwa wakihusisha kuumwa na mdudu huyo na homa, na ilijulikana kuwa mgeni huugua zaidi kuliko mwenyeji aliyekwisha kuzoea. Jambo hilo ni zito kwa historia ya misafara, maana mpagazi alikuwa mgeni katika kila kambi aliyolala.

Msamiati hautoi tarehe wala haumtaji marehemu fulani. Mifupa nayo, ikitazamwa kwa macho, haisemi lolote, kwa sababu homa ya papasi haiachi alama juu yake. Hapo ndipo jino linapokuwa na manufaa. Ndani ya jino mna mishipa ya damu. Mtu akifa bakteria wakiwa wengi mwilini, vipande vya DNA yao huweza kubaki humo kwa karne nyingi. Wataalamu hutoa unga kidogo wa jino katika maabara safi na kuvisoma vipande hivyo. DNA ya kale hutambulikana kwa kukatikakatika kwake na kwa mabadiliko ya kikemia kwenye ncha zake. Bila ushahidi huo, bakteria wa udongoni wangeweza kudhaniwa kuwa vijidudu vya maradhi.

Kwa njia hiyo, mwaka 2018 ilitangazwa kwamba Borrelia recurrentis, ndugu wa karibu wa bakteria wa papasi anayeenezwa na chawa, amepatikana katika mabaki ya mtu wa karne ya 15 mjini Oslo. Mwaka 2025 wagonjwa wanne walitambuliwa Uingereza, walioishi kati ya miaka 2,300 na 600 hivi iliyopita; bakteria wao walikadiriwa kujitenga na ukoo wa papasi katika miaka 8,000 iliyopita.

Joto na unyevu wa Afrika huharibu DNA upesi, lakini si kila mahali. Mwaka 2020 ilitolewa DNA ya mabaki ya kale ya msitu wa Ituri, na mwaka 2023 ya watu 80 waliozikwa katika miji ya Waswahili na jirani zao.

Misafara imetajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyoeneza homa hii, papasi wakichukuliwa ndani ya mikeka na mizigo. Tuhuma hiyo inaweza kupimwa. Endapo jino kutoka kaburi la Uvira lililotangulia biashara ya pembe litatoa DNA ya bakteria hao, misafara haitahesabiwa tena kuwa ndiyo iliyowaleta. Kulinganisha makaburi ya ziwani na ya milima ya Mulenge kungeonyesha pia kama homa ilipanda huko, na lini. Lakini kutopatikana kwa DNA hakuthibitishi kutokuwepo kwa ugonjwa, kwani bakteria hupungua katika damu kati ya kipindi kimoja cha homa na kingine. Tena makaburi hayo yana wenyewe. Ridhaa ya koo zinazoyatunza lazima itangulie jembe, nao wazee wa koo hizo ndio wanaojua majina ambayo maabara haiwezi kuyasoma.